Pumzi Kutoka Monywa

Usiku ambao mama alibanwa na pumu, mimi nilikuwa nimekaa sakafuni katika chumba changu cha kupanga, Dar es Salaam, nikizingatia pumzi. Simu ilikuwa mezani, nimeilaza kifudifudi na kuizima sauti. Nilikaa dakika 40, kisha nikalala usingizi mzito ambao nilikuwa nimeukosa kwa miezi. Asubuhi nilikuta simu saba za dada yangu ambazo sikuzipokea.

Mama alipona. Dada alimwamsha jirani mwenye pikipiki, wakapanda mshikaki, mama katikati, wakafika hospitali saa nane za usiku katika baridi ya Iringa. Nilipompigia nilianza kujieleza: nilikuwa kwenye tafakuri, nilikuwa nazingatia pumzi, simu huwa inazimwa. Dada hakupandisha sauti. Alisema, "Mdogo wangu, hiyo pumzi uliyokuwa unaitazama wewe, mama alikuwa anaitafuta."

Nimekaa na sentensi hiyo karibu mwaka mzima. Insha hii ni jaribio la kuijibu kwa njia pekee ninayoijua.

*

Miezi mitatu kabla ya usiku ule nilikuwa silali. Naandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika historia, kuhusu askari wa Tanganyika waliopelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na nilikuwa nimekwama. Mshauri nasaha mmoja akanielekeza kwenye zoezi la kuzingatia pumzi. Kulieleza ni rahisi: unakaa, unatazama pumzi inavyoingia na kutoka puani, akili ikitoroka, unairudisha bila kuigombeza. Nilianza na programu ya simu, baadaye nikawa nakaa mwenyewe. Wiki zikapita, usingizi ukarudi.

Kisha nikaanza kusoma mafundisho yaliyo chini ya zoezi lile, na humo nikakuta jambo lililonivuta kuliko usingizi. Wabudha huliita anatta. Yule "mimi" niliyemzoea, aliyekaa peke yake nyuma ya macho akiendesha mambo, ukimtafuta kwa utulivu humpati. Utakuta mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya akili na fahamu, vyote vikija na kupita. Mwenye navyo haonekani.

Kiswahili kilinirahisishia. Sisi husema homa imenishika, usingizi umenichukua, hasira zimenipanda, kiu imenibana. Katika sentensi hizo anayetenda ni hali yenyewe, na mimi ni silabi moja katikati ya kitenzi, mahali ambapo jambo linapita. Nilikuwa nakaa na kujizoeza kuitoa hata silabi ile. Badala ya "hatia imenishika" nilijifunza kusema: kuna hatia. Ipo. Inapita.

Na hatia ilikuwepo. Baba alipofariki, hela za ada zilitosha mtoto mmoja. Dada aliacha shule akiwa kidato cha pili, mimi nikaendelea. Leo mimi ndiye msomi wa nyumba na yeye ndiye anayemuuguza mama. Miaka yote nimembeba huyu "msomi wa nyumba" kama mtungi uliojaa, nikiogopa kumwaga hata tone. Kila simu ya kutoka nyumbani niliisikia kama mtu anayekuja kuukagua mtungi. Ndiyo maana habari kwamba msomi huyo hayupo ilinifurahisha. Sikulisema kwa sauti, lakini moyoni nilifanya hesabu: kama hakuna mimi, basi hakuna mdaiwa.

Simu saba za dada ziliikuta hesabu hiyo imeshafungwa.

*

Mwanafunzi wa historia akiona aibu hukimbilia kuuliza kitu kimetoka wapi. Nilitaka kujua ni nani waliobuni zoezi hili, na kama nao walilitumia kukimbia simu za dada zao.

Mafunzo mengi ya kuzingatia pumzi yaliyomo kwenye simu zetu, ukiyafuata nyuma, yanapita mwaka 1979 katika kitengo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, Marekani. Huko Jon Kabat-Zinn, aliyesomea baiolojia ya molekuli, alianzisha kozi kwa wagonjwa wa maumivu sugu ambao madaktari walikuwa wamefika mwisho wa uwezo wao. Kozi hiyo ikaja kujulikana kama ya wiki nane. Aliondoa lugha ya dini kwa makusudi, ili mgonjwa wa imani yoyote aweze kukaa na kuyatazama maumivu yake. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kwa walimu wa Kibudha, wa Zen na wa vipassana, yaani tafakuri ya kuona mambo yalivyo. Na Wamarekani waliokuwa wakifundisha vipassana walikuwa wameipata India na Burma, hasa kwa njia mbili: ile ya mtawa Mahasi Sayadaw, na ile ya S. N. Goenka.

Goenka alikuwa mfanyabiashara, mzaliwa wa Mandalay wa mwaka 1924, mtoto wa familia ya Kihindi. Mwaka 1955 alimwendea mwalimu akitafuta nafuu ya kipandauso kilichokuwa kimemfikisha kwenye sindano za mofini. Mwalimu huyo, U Ba Khin, alikuwa ofisa wa serikali. Mwalimu wa U Ba Khin alikuwa mkulima, Saya Thetgyi. Na mwalimu wa Saya Thetgyi alikuwa mtawa, Ledi Sayadaw, aliyekuwa na makao yake msituni karibu na mji wa Monywa.

Nilipofika kwenye jina hilo niliinua kichwa. Ramani ya Burma ilikuwa ukutani kwangu muda wote, kwa ajili ya tasnifu. Monywa iko kwenye ukingo wa Mto Chindwin. Na Chindwin ndio mto ambao askari wangu waliufikia.

*

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa na vikosi vya KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na askari wa Rhodesia ya Kaskazini. Ilifanya mazoezi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na katikati ya mwaka 1944 ikapelekwa kwenye mpaka wa India na Burma. Kuanzia Agosti ilishuka Bonde la Kabaw katikati ya mvua. Mvua zile huletwa na majira tunayoyajua. Ni kusi, msimu uleule uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka pwani yetu kwenda Arabuni na Bara Hindi. Huku kwetu kusi ni upepo wa safari. Kule, mwaka ule, ilikuwa tope la magotini, ruba, malaria, na chakula kilichodondoshwa kwa ndege. Mwanzoni mwa Desemba askari hao waliingia Kalewa, ukingoni mwa Chindwin, na wahandisi wakatandaza hapo daraja refu la vyuma la Bailey. Kisha divisheni ikapumzishwa. Monywa, mbali chini ya mto huohuo, ilitekwa Januari 1945 na Divisheni ya 20 ya India.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa mmoja wa askari wale. Alifariki nikiwa na miaka kumi. Ninachokumbuka ni kigoda chake, na jinsi alivyokikalia kila alfajiri akitazama bonde bila kusema neno, chai ikipoa mkononi. Watoto tulikatazwa kumsemesha mpaka jua litoke. Kuhusu Bama, kama alivyopaita, alisema machache, na yote kwa wingi: tulivuka, tulilowa, tulizika. Sikumsikia hata siku moja akisema "nilivuka".

Ningependa sana kuandika kwamba babu alikutana na mtawa chini ya mti, akafundishwa kukaa, akarudi Iringa na siri ya kuiacha nafsi. Ningekuwa na sura nzuri ya tasnifu. Lakini divisheni yake haikufika Monywa, na sina ushahidi wowote kwamba kimya chake kilikuwa tafakuri. Huenda kilikuwa uchovu. Huenda kilikuwa ni wale aliowazika.

Hata ile "tu-" yake nimejifunza kutoichukulia kuwa hekima. Jeshi la kikoloni lilimwandikisha kwa nambari, likamlipa chini ya askari Mzungu aliyelala kwenye tope lilelile, likamrudisha kijijini bila kumuuliza alichokiona. Mtu wa namna hiyo "mimi" yake haikuyeyuka kwa kutazamwa. Aliporwa. Kuna nafsi inayoachwa na kuna nafsi inayoporwa, na kwa mtu wa nje zote mbili zaweza kuonekana kama mzee mtulivu aliyekaa kwenye kigoda. Tangu nilipoiona tofauti hiyo, kila ninapomsikia mwalimu wa tafakuri akisema "achilia nafsi yako", huuliza kwanza anazungumza na nani.

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwa Ledi, kwa sababu Ledi naye, pamoja na nchi yake nzima, aliporwa.

*

Alizaliwa mwaka 1846, akasomea utawa na kufundisha Mandalay, mji wa mfalme. Novemba 1885 majeshi ya Uingereza yalipanda Mto Irrawaddy kwa meli za moshi, yakaingia Mandalay karibu bila kupigana, yakamchukua Mfalme Thibaw na malkia wake kwenda uhamishoni Ratnagiri, India. Tarehe 1 Januari 1886 ufalme ukatangazwa kuwa mali ya Waingereza.

Kwa Waburma lile halikuwa pigo la siasa peke yake. Mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini. Yeye ndiye aliyeyalea makao ya watawa na kumthibitisha mkuu wao. Tena waliamini tangu zamani kwamba mafundisho ya Buddha hayatadumu milele duniani, kwamba siku moja yatafifia na kusahaulika. Kiti cha mfalme kilipobaki kitupu, wengi waliona kufifia huko kumeanza. Nani sasa ataitunza dini?

Jibu la Ledi ndilo lililobadilisha historia ya tafakuri. Kabla yake, kukaa na kuitazama akili ilikuwa kazi ya watawa wachache. Watawa wengi walisoma na kuhifadhi maandiko; watu wa kawaida walitoa chakula na sadaka, wakitumaini kuzaliwa pema. Ledi alisema kila mtu na awe mlinzi. Aliandika kwa Kiburma chepesi mambo ambayo yalizoeleka kuwa ya mabingwa wa Kipali, akavitumia vitabu vya chapa, akazunguka nchi nzima akihubiri na kuanzisha vikundi vya kusoma, vya wanaume na vya wanawake. Aliandika hata waraka wa kuwasihi watu waache kula nyama ya ng'ombe, mnyama anayewalimia. Kwake yeye, mkulima asiye na muda wala elimu kubwa angeweza kuanza hapo alipo, kwa kutazama kinachotokea mwilini mwake. Mwanahistoria Erik Braun, katika kitabu alichokitoa mwaka 2013, anaonyesha kwamba tafakuri kama jambo la umma ilizaliwa katika msukosuko huu wa ukoloni.

Nilipoelewa hilo niliona haya upya. Zoezi nililolifanya nikiwa nimefunga mlango lilienea kwa sababu watu walikuwa wanajaribu kuokoa kitu cha wote.

*

Saya Thetgyi alikuwa mkulima wa kijiji cha Pyawbwegyi, ng'ambo ya mto kutoka Rangoon. Mwanzoni mwa karne ya 20 kipindupindu kilipita kijijini kwake, kikamchukua mwanawe wa kiume na binti yake. Aliondoka nyumbani kutafuta kisichokufa, akazunguka kwa walimu wengi, mwishowe akakaa miaka kadhaa kwa Ledi. Ningeelewa kama angebaki msituni. Alirudi kijijini, na kati ya wanafunzi wake wa kwanza walikuwemo vibarua wa mashambani.

U Ba Khin alimwendea mwaka 1937. Alikuwa karani aliyepanda ngazi katika idara ya uhasibu ya serikali ya kikoloni. Tarehe 4 Januari 1948, siku ambayo Burma ilipata uhuru, aliteuliwa kuwa Mhasibu Mkuu wa Serikali. Hebu mfikirie: mtu anayeamini kwamba nafsi ni mkondo wa matukio yasiyo na mwenyewe, naye ndiye anayetia saini vitabu vya hesabu vya nchi changa. Aliwafundisha wafanyakazi wake tafakuri palepale ofisini, na mwaka 1952 akafungua kituo mjini Rangoon huku akiendelea na kazi. Serikali ilimkabidhi pia bodi ya masoko ya mazao iliyokuwa imeoza kwa rushwa, aisafishe. Kwa msomaji wa Kitanzania sina haja ya kueleza uzito wa kazi hiyo.

Kozi yake ya siku kumi, ambayo Goenka aliibeba hadi India mwaka 1969 na kutoka hapo ikaenea duniani, haianzi na pumzi. Inaanza na ahadi tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutolewa. Ndipo unafuata utulivu wa kutazama pumzi, na baada yake ndipo mwanafunzi anapitisha uangalifu mwilini, kutoka utosini hadi vidoleni, akiona kila hisia inavyozuka na kufa, mpaka mwili aliouona kuwa mzito na wake unakuwa kama mtetemo usiokaa. Hapo ndipo "mimi" inapolegea. Mpangilio huo una maana. Kwanza unatengeneza uhusiano wako na watu, ndipo unaruhusiwa kuitazama nafsi ikiyeyuka.

Mimi nilikuwa nimeingilia dirishani.

*

Hesabu yangu ya "hakuna mimi, hakuna mdaiwa" niliidhani ni uvumbuzi. Kumbe ilishajibiwa zamani sana. Kuna kitabu cha kale kiitwacho Maswali ya Milinda, ambacho huko Burma huhesabiwa miongoni mwa maandiko matakatifu. Ndani yake mfalme Milinda, ambaye wanahistoria humtambua kuwa Menander, mtawala wa Kigiriki wa kaskazini magharibi ya India katika karne ya pili kabla ya Kristo, anambana mtawa Nagasena. Kama hakuna nafsi inayodumu, anauliza, basi anayetenda leo na anayevuna kesho si mmoja. Je, huyo hajaponyoka na matendo yake?

Nagasena anamjibu kwa maembe. Mtu ameiba maembe ya jirani. Akikamatwa anajitetea: maembe aliyopanda huyu bwana yalikuwa mengine, yaliyozikwa ardhini; niliyochuma mimi ni mengine, yaliyokuwa mtini; sina kosa. Je, ataachiwa? Mfalme anakiri kwamba hataachiwa, kwa maana embe lililochumwa limetokana na embe lililopandwa.

Nilisoma mfano huo usiku, nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Embe lililopandwa ardhini ni msichana aliyeacha shule kidato cha pili. Embe la mtini ni mimi, na tasnifu yangu, na chumba changu chenye mlango wa kufunga.

Hapo ndipo nilipoona nilikosea wapi. Nilikuwa nimeliacha deni na kuibakiza nafsi. Yule "msomi wa nyumba" hakuwa ameyeyuka hata kidogo. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, ametulia, amezima simu. Walimu wa Chindwin walikuwa wakisema kinyume chake. Kinachodanganya ni ule utengano, imani kwamba mimi nilianza peke yangu na nitajimiliki peke yangu. Ukiutazama vizuri utengano huo, unachokikuta mahali pake ni watu waliokufanya uwepo.

*

Likizo ilipofika nilipanda basi alfajiri Mbezi, nikafika nyumbani jioni. Mama alikuwa amekaa jikoni karibu na moto, mahali alipokatazwa kukaa kwa sababu ya moshi. Dada alikuwa amekonda. Usiku, mama alipolala, nilimweleza dada yote: mto, daraja, babu, mhasibu, maembe. Alisikiliza huku akichambua maharage. Nikamwambia nimeanza kutafuta namna ya kumlipia arudi shule, elimu ya watu wazima, chochote anachotaka.

"Shule sitaki," alisema. "Nataka kulala."

Sikumwelewa mara moja. Akaeleza kwamba tangu usiku ule wa pikipiki hulala jicho moja, sikio kwenye chumba cha mama. Kila mama akikohoa, anaamka. Mama asipokohoa, anaamka vilevile, kuhakikisha. Mwaka mzima. Mimi ndiye niliyekwenda kwa mshauri kwa kukosa usingizi.

Nikatandika mkeka kando ya kitanda cha mama, dawa yake ya kuvuta mkononi, simu yenye sauti kamili mfukoni. Dada akaenda kulala chumba cha mbele. Usiku ulikuwa wa baridi na bati lilikuwa likialika. Nilifanya kilekile nilichozoea, ila pumzi niliyoitazama ilikuwa ya mama: inaingia na mluzi mdogo, inakawia, inatoka. Akili ilitoroka mara nyingi, nikairudisha. Kuna wakati, sijui saa ngapi, nilishtuka kugundua kwamba yangu imeshaanza kwenda kwa mwendo wa yake, na kwa muda sikuwa nimejiuliza ipi ni ya nani.

Kulipopambazuka nilitoka nje, nikakikuta kigoda cha babu barazani. Nilikikalia. Jua lilitoka, kuku wakashuka, watoto wa jirani wakapita kwenda shule, na dada bado alikuwa amelala. Aliamka saa tatu, uso umevimba kwa usingizi, shuka mabegani.

"Amelalaje?" akauliza.

"Vizuri," nikamjibu. "Rudi ukalale."

Akarudi.